Mbu wa mikorosho si mbu, wala si mdudu mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Najua barua mnazochapa huwa fupi, lakini jambo hili nimekaa nalo miaka mingi, na safari hii naomba univumilie.

Wiki mbili zilizopita gazeti lako liliandika habari ya wakulima wa huku kusini wanaolia na "mbu wa mikorosho". Habari ilikuwa ya kweli, na namshukuru mwandishi aliyejitoa kufika vijijini. Ila picha iliyowekwa juu ya habari ile ilikuwa ya mbu. Mbu huyu huyu wa malaria, amekaa juu ya ngozi ya mtu, tumbo limemjaa damu.

Jirani yangu, mama mtu mzima mwenye mikorosho 80 na ushei, aliletewa gazeti hilo na mjukuu wake. Akaja nalo kwangu, akalitandaza mezani na kuniuliza: "Bibi Shamba, kumbe hawa wanaotuuma usiku ndio wanaokausha mikorosho yetu? Mbona mlikuwa hamtuambii? Si tungefukia madimbwi tangu zamani?"

Swali lake ni la haki. Mtu akiambiwa mdudu ni mbu, kisha akaonyeshwa picha ya mbu, atawaza madimbwi. Na huku juu ya Uwanda wa Makonde, ambako ndoo moja ya maji ni safari, dimbwi la kufukia mwezi wa sita utalitafuta usilione. Tulikaa naye chini ya mwembe tukazungumza mpaka alasiri. Alipoondoka nikachukua kalamu.

Mimi ni bibi shamba mstaafu. Nimefanya kazi ya ugani miaka 31, mingi kati ya hiyo nikiwa Newala na Tandahimba, na sasa nina mikorosho yangu mwenyewe 112. Mdudu huyu nimemfuata shambani kwa miguu na kwa lenzi ya mkono tangu nikiwa msichana aliyetoka chuoni juzi. Ninayoandika hapa nimeyaona, na mengine nimeyasoma kwa wale waliotumia maisha yao kuwaainisha wadudu hawa.

Mvua zikishakata, mkorosho hutoa machipukizi mapya. Majani yake huwa laini, mekundu yanayoelekea kahawia, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Huo ndio wakati wake. Fika shambani jua halijapanda, simama mbele ya chipukizi lisilozidi urefu wa kiganja, tulia. Utamwona mdudu mwembamba wa milimita 6 hadi 10, miguu kama nyuzi, vipapasio virefu kuliko mwili wake. Ukisogeza mkono haruki mara moja. Anazunguka upande wa pili wa kijiti, kama mtoto anayejificha nyuma ya nguzo, na ukimfuata huko anarudi huku.

Sasa mtazame mgongoni. Pale mabawa yanapoanzia kuna kingao kidogo cha pembetatu, na juu ya kingao hicho kumesimama kimsumari. Kimesimama wima, na kichwani kina kifundo cha mviringo, kama pini ya fundi cherehani. Hakuna mbu duniani mwenye kitu hicho. Hata watoto wake wanacho, ukiacha wale waliototolewa sasa hivi. Mwaka 1858 Mfaransa Victor Signoret alipolipa kundi la wadudu hawa jina la kitaalamu, aliliita Helopeltis, kwa maneno mawili ya Kigiriki: msumari na ngao. Ukikishika kimsumari hicho akilini, hutamkosea mdudu huyu maisha yako yote.

Yeye ni wa ukoo wa kunguni. Ndiyo, kunguni, na kunguni wa kitandani ni jamaa yake wa karibu kuliko mbu. Mbu ana mabawa mawili, huyu ana manne. Mbu hutaga majini na watoto wake hukulia majini. Huyu, tangu yai hadi uzee, hana haja na maji ya dimbwi hata tone. Jike hutoboa chipukizi na kulilaza yai ndani ya nyama ya mmea, na nje hubaki vinywele viwili tu, kimoja kirefu kuliko kingine, ambavyo ndivyo vinavyoliletea yai pumzi. Nimewahi kumwonyesha mjukuu wangu vinywele hivyo kwenye ncha ya chipukizi, asubuhi, kwa lenzi. Alihesabu jozi 9 kwenye kijiti kimoja. Kwa macho matupu kijiti kile kilikuwa kizima, kizuri, mtu angesema mkorosho huu mwaka huu utazaa. Tunutu, yaani mtoto wake, akitoka hujivua ngozi mara tano mpaka apate mabawa, na muda wote huo yuko juu ya mti akifyonza.

Kufyonza kwenyewe ndiko kunakoua. Akichoma mdomo wake, hutia na mate, na mate hayo huiozesha nyama ya chipukizi. Ndani ya siku moja hivi pale alipochoma panaanza kuwa na kidonda kirefu, cheusi, kimebonyea, na mara nyingine gundi hutoka hapo kama tone la nta. Vidonda vikikutana, ncha inakauka. Kwenye maua ni vibaya zaidi, tawi zima la maua hugeuka jeusi kama limepitiwa na moto. Wako wakulima niliowakuta wakiamini kuwa ni upepo wa baridi, na wengine waliniambia kwa sauti ya chini kwamba ni mkono wa mtu.

Basi jina hili la mbu limetoka wapi? Wafanyabiashara na mabwana shamba wa Kiingereza kwenye mashamba ya chai huko Asia walimwona akiruka na miguu yake mirefu, wakamfananisha na mbu. Lakini hata wao walimwita kunguni-mbu. Neno kunguni lilibeba ukweli na neno mbu lilikuwa mfano tu. Sisi tulipotafsiri tuliubeba mfano, ukweli tukauacha njiani.

Hilo ni nusu ya jambo langu. Nusu nyingine ni nzito zaidi, na kwenye magazeti yetu sijaisoma hata mara moja: mdudu huyu si mmoja.

Helopeltis ni jenasi, yaani kundi la spishi nyingi zinazofanana. Familia yake, Miridae, ndiyo familia kubwa kuliko zote za kunguni wa mimea, ina spishi zaidi ya 11,000 zilizokwisha kuelezwa duniani. Wale wanaotesa kakao ya Ghana na Nigeria, Sahlbergella singularis na Distantiella theobroma, ni binamu zake wa nusufamilia moja. Na ndani ya Helopeltis yenyewe, kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 1991, kuna spishi 41. Naomba msomaji aisome vizuri sehemu inayofuata: kati ya hizo 41, spishi 26 zinapatikana Afrika tu. Zile 15 zilizobaki zimetawanyika kutoka India hadi Australia. Hakuna hata moja ambayo ni ya pande zote mbili.

Sisi ndio wenye wengi. Na aliyewapanga wa kwetu kwa ukamilifu ni mtaalamu wa wadudu Schmitz, katika kitabu kikubwa cha mwaka 1968 kilichoandikwa kwa Kifaransa, akawawekea spishi za Afrika kikundi chao ndani ya jenasi, Afropeltis. Hakuwatenganisha kwa rangi. Rangi ya wadudu hawa inadanganya. Dume na jike hawalingani, na aliyejivua ngozi leo si kama wa juzi. Alichunguza viungo vyao vya uzazi kwa darubini, sehemu ndogo mno ambazo zina umbo lake katika kila spishi.

Kwenye mikorosho ya pwani yetu wako wawili wanaojulikana sana. Mmoja ni Helopeltis anacardii, aliyepewa jina na Miller mwaka 1954, na jina hilo maana yake ni "wa mkorosho". Mwingine ni Helopeltis schoutedeni, aliyepewa jina na Mfini Reuter mwaka 1906 kwa heshima ya Henri Schouteden, mtaalamu wa Kibelgiji wa wanyama wa Kongo. Hawa wawili wanafanana machoni mwa mkulima, lakini maisha yao si mamoja. Schoutedeni hachagui sana: pamba, chai, embe, pera, kakao, kote ameandikwa. Yuko na wa tatu anayepaswa kutajwa, Helopeltis orophila, ambaye jina lake maana yake ni "mpenda milima". Huyo ni wa chai ya nyanda za juu. Watatu wote, ukifungua makaratasi ya ushauri, utawakuta wamefunikwa na shuka moja la "mbu".

Niliwahi kufikiri kwamba haya ni mambo ya watu wa makumbusho, hayamhusu mwenye jembe. Kilichonibadilisha ni kipeperushi.

Mwaka 1996 tuliletewa vipeperushi kutoka ofisi moja ya juu yetu, tuvigawe kabla ya msimu. Karatasi nzuri, ya rangi, na mchoro wa mdudu juu yake. Jina lililoandikwa lilikuwa Helopeltis antonii. Kipeperushi kiliagiza kupulizia dawa mara tatu, mara ya kwanza machipukizi yanapotoka mwezi wa kumi na wa kumi na moja, mara ya pili maua yanapotoka mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza, na mara ya tatu korosho zinapoanza kufunga. Mimi niligawa 200. Mzee mmoja wa Kitangari alikisoma pale pale mbele yangu, akanitazama, akasema: "Mwanangu, mwezi wa kumi korosho zangu ziko chini ya mti nazikusanya. Nipulizie nini?"

Sikuwa na jibu. Huku kwetu machipukizi ni mwezi wa tano na wa sita, maua wa saba hadi wa tisa, na mwezi wa kumi watu wako mashambani na vikapu. Kipeperushi kilikuwa cha India, neno kwa neno. Helopeltis antonii ni mdudu wa mikorosho ya kusini mwa India na Sri Lanka, na Afrika hayupo. Aliyenakili hakuwa mtu mbaya. Aliona "kunguni-mbu wa korosho", akaona na sisi tunasema "mbu wa mikorosho", akaamini ni kitu kimoja. Jina lilimfungulia mlango, na nyuma ya jina zikaingia tarehe na dawa za nchi nyingine.

Miaka mingi baadaye, binti yangu akiwa chuo kikuu, alinichapia makala ya mtaalamu wa wadudu Stonedahl ya mwaka 1991 kuhusu spishi za Asia, ile iliyo na hesabu niliyoitaja. Nilisoma kwa kamusi, jioni baada ya jioni. Humo nilikuta kwamba tuliyofanyiwa na kipeperushi kile, wenzetu walikuwa wameyapata zamani na kwa ukubwa zaidi. Kwa miongo mingi vitabu vya kilimo vya Indonesia na Malaysia vilimwandika antonii kuwa mharibifu wa mazao yao. Stonedahl alipovikusanya vielelezo na kuvitazama kimoja kimoja, ikaonekana antonii wa kweli hakuwako huko. Mengi yaliyoandikwa kwa jina lake Java yalimhusu bradyi, spishi nyingine kabisa. Na yule wa kakao ya Malaysia aliyeitwa theobromae alionekana kuwa si spishi ya peke yake, ni theivora yule yule wa chai, mdudu mmoja aliyekuwa akibeba majina mawili. Fikiri majaribio mangapi ya dawa, tarehe ngapi, mafunzo mangapi ya wakulima, yaliandikwa chini ya jina la mdudu ambaye hakuwa shambani.

Nililia kidogo siku ile, na sioni aibu kusema. Nilikuwa nawaza vile vipeperushi 200.

Narudi kwa jirani yangu na mikorosho yake, maana kuna la tatu. Tulipokwenda shambani kwake kesho yake, nilikuta machipukizi yake mazima. Alichokuwa analalamikia kilikuwa korosho changa zenye madoa meusi yaliyozama, nyingine zimesinyaa na kuanguka. Huyo si Helopeltis wa spishi yoyote. Huyo ni Pseudotheraptus wayi, wa familia nyingine ya kunguni, mkubwa karibu mara mbili, mnene, wa rangi ya kahawia, na mgongoni hana msumari. Ndugu zetu wa Unguja wanamfahamu kwa minazi, ndiye anayepukutisha vidaka. Jina wayi ni la Mwingereza Way aliyemchunguza huko Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Brown ndiye aliyeliandika rasmi mwaka 1955. Jirani yangu msimu uliopita alikuwa ameuziwa salfa kwa ajili ya mdudu. Salfa ni ya ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaofunika maua, nayo huukinga vizuri sana. Kunguni haimzuii. Mama huyu alitoa fedha ya mifuko minne ya salfa, kijana wa bomba akalipwa, na korosho zikaendelea kutoboka. Ghalani zilipokatwa kupimwa, viini vilikuwa na madoa, zikashushwa daraja.

Matatizo matatu, basi. Ukungu, kunguni wa machipukizi, kunguni wa korosho changa. Na huyo wa machipukizi naye ndani yake ana spishi zaidi ya moja. Kijijini kote linasikika neno moja tu, mbu, na dukani kijana wa pembejeo anauliza swali moja tu: "Una shilingi ngapi?"

Hapa nina deni langu la kusema. Way, alipokuwa Unguja, aliona kwamba minazi iliyokaliwa na maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, haikusumbuliwa sana na kunguni. Maji moto wanawinda. Huwakamata tunutu, huwafukuza wakubwa wasitage. Aliona pia kwamba sisimizi wengine wadogo wenye vichwa vikubwa, wanaokaa ardhini, huwapiga vita maji moto na kuwaondoa mtini, na wakishaondoka kunguni anarudi. Baadaye hata kwenye mikorosho ya Tanzania imepimwa na kuonekana kuwa mti wenye maji moto wengi haushambuliwi sana, na Helopeltis wala na Pseudotheraptus. Kule Java wakulima wa kakao walikuwa wakitumia sisimizi weusi kumzuia Helopeltis tangu mwanzoni mwa karne iliyopita.

Mimi miaka yangu ya kwanza kazini niliwaambia wakulima wakate matawi yenye viota vya maji moto na kuyachoma. Waokotaji walilalamika kuumwa, na nami niliona ni usafi wa shamba. Mzee mmoja alinikatalia, akasema mkorosho wake wenye maji moto ndio unaomsomeshea watoto. Nilimwandika kwenye ripoti kuwa ni mkaidi. Yeye alikuwa amesoma mti wake kwa miaka 40 na alikuwa sahihi. Amefariki, Mungu amrehemu. Nimekwenda kwa wanawe nikawaomba radhi, na leo nawaomba radhi hadharani wengine wote waliochoma viota kwa maneno yangu.

Kwangu mimi sasa, mikorosho 37 kati ya ile 112 ina maji moto. Nimefunga kamba kutoka mti hadi mti ili wapite juu, na msimu wa kuokota natumia fito ndefu na ninawatangulia waokotaji kuwaonyesha miti ipi. Kwenye miti hiyo sipulizii dawa ya wadudu kabisa. Sina hesabu za kitaalamu za kumpa mtu, nina macho tu: machipukizi ya miti ile mwezi wa saba yanatazamika.

Lakini haya yote yanahitaji kujua ni nani uliye naye. Nina chupa saba za spiriti kwenye rafu ya chumba changu. Kila moja ina wadudu wenye msumari, na karatasi yenye tarehe, mti, na mahali nilipowachukua. Chupa nne ni za mikorosho. Mbili ni za mpera ulio nyuma ya jiko langu. Moja ni ya mwembe wa shule. Wa kwenye mpera si kama wa kwenye mkorosho, angalau kwa lenzi yangu. Vifua vyao vina rangi nyingine, na misumari yao naiona imepinda kidogo. Je, ni schoutedeni anayetoka perani na kuhamia mkoroshoni nikipunguza matawi? Kama ni yeye, basi mpera wangu ndio ghala lake na nitaukata kesho. Kama si yeye, nitaukata bure, na wajukuu wangu watakosa mapera. Jambo la kukata au kutokata mti linategemea viungo vya uzazi vya mdudu wa milimita 7. Haya si mambo ya watu wa makumbusho, Ndugu Mhariri.

Naomba kwako kwanza, kwa kuwa liko ndani ya uwezo wako wiki hii hii. Chapeni picha sahihi. Wataalamu wetu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, pale nje ya mji wa Mtwara, wamefanya kazi ya korosho kwa miongo mingi, na mwandishi wako akiwauliza hatakosa picha ya mdudu huyu akionyesha msumari wake. Na mnapoandika habari ya mdudu wa mazao, jina lake la kitaalamu liwe ndani ya habari, hata kama ni mara moja tu. Msisite kwa kudhani mkulima hatalisoma. Mkulima anasoma jina la dawa ya mbuzi lenye herufi 20 na halikosei.

Pili, nina ombi la jina. Napendekeza tumwite kunguni-msumari. Nimelijaribu kijijini msimu mzima. Ukilisema, mtu anatazama mgongo wa mdudu kabla ya kushika bomba, na asipouona msumari anarudi kuniuliza, "Bibi Shamba, huyu mbona hana?" Hapo ndipo tunapoanza kuzungumza juu ya Pseudotheraptus. Jina la mbu halijawahi kumfanya mtu yeyote atazame mgongo wa mdudu. Kama kuna wazee wa Lindi, Tunduru, Mkuranga au Kilifi wenye jina la asili lililo bora zaidi, walilete hapa gazetini, nami nitalipokea kwa mikono miwili na la kwangu nitaliacha.

Tatu ni kwa wenye vyuo na wenye mafungu ya utafiti. Mpango wa mwisho wa spishi zote za Afrika ninaoufahamu mimi ni ule wa 1968, uko kwa Kifaransa, na mkorosho huku kusini umeenea sana tangu hapo, umeingia maeneo ambayo zamani yalikuwa pori. Tunahitaji vijana wetu wawili au watatu tu wa kuifanya kazi hii kwa darubini, wakusanye kutoka Tanga hadi Ruvuma, kwenye mikorosho na kwenye miti ya porini inayoizunguka. Mkorosho ni mgeni, uliletwa na Wareno kutoka Brazil. Kunguni-msumari ndiye mwenyeji. Alikuwa hapa akila kitu kingine kabla meli ya Wareno haijatia nanga, na kitu hicho kingali porini huko.

Binti mmoja wa kidato cha nne hapa kijijini amekuwa akija kwangu Jumamosi. Tunakwenda shambani saa kumi na mbili asubuhi na mfuko wa nailoni na penseli ya mkaa, maana wino unayeyuka kwenye spiriti. Juzi alipata tunutu wa siku chache, mdogo kama punje ya ufuta, akamweka chini ya lenzi, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Bibi, kimsumari chake ndiyo kwanza kinaota." Alimchora kwenye daftari lake la biolojia, akaandika tarehe na namba ya mti.

Chupa zangu saba ziko tayari. Mtaalamu yeyote anayezihitaji azifuate au anitumie neno kupitia ofisi yako, nitazifunga vizuri kwenye pamba na kuzipakia kwenye basi la Mtwara kwa nauli yangu. Ya nane tutaianza mwezi wa tano, machipukizi yakitoka.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Bibi shamba mstaafu na mkulima wa korosho,
Newala, Mtwara